Ukitaka kumjua aliye pichani, anza na utosi

Wageni wanaofika mbele ya chapa za Suzuki Harunobu, msanii wa Japani wa karne ya 18 ambaye picha zake zilichapwa kwa vibao vya mbao, huuliza karibu swali moja: yupi mwanamume, yupi mwanamke? Nyuso ni zilezile, nyembamba na laini. Vidole ni vidogo, kimono zimejaa maua. Wana haki ya kuuliza, ila jibu haliko usoni.

Tazama utosi. Katika Japani ya enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, mvulana ambaye hajaingizwa utu uzima alinyolewa sehemu ndogo tu ya utosi, shungi la mbele likabaki juu ya paji la uso. Aliitwa wakashu. Siku ya sherehe ya genpuku shungi hilo liliondolewa, na tangu hapo akanyoa kuanzia paji hadi utosini kama wanaume wenzake. Wasichana hawakunyolewa utosi. Kwa hiyo kijidoa kimoja cha ngozi katikati ya nywele nyeusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinatosha kukuambia unamtazama nani.

Mikono mirefu ya kimono inayoning'inia, furisode, ndiyo huwapoteza wengi. Ilivaliwa na wasichana wasioolewa na wakashu pia, kwa hiyo inakuonyesha ujana, haikuonyeshi jinsia. Upanga kiunoni husaidia zaidi.

Nalisisitiza hili kwa kuwa sisi wataalamu wenyewe tumelikosea. Wakashu wengi waliwahi kuandikwa kwenye maelezo ya makumbusho kuwa ni wasichana, na kwa kosa hilo watu waliokuwa na jina lao na nafasi yao katika jamii wakapotea machoni petu. Tena lipo jambo zito: watu wazima wenye fedha na vyeo waliwatamani vijana hawa, na baadhi yao walikuwa watoto. Uzuri wa picha usitufumbe macho.

Jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, lina alama yake. Wanawake walipigwa marufuku kuigiza mwaka 1629, vijana nao mwaka 1652. Wakabaki wanaume walionyolewa shungi, hata kwa nafasi za kike, nao wakaficha upara wa mbele kwa kitambaa cha zambarau. Ukikiona kitambaa hicho juu ya paji la uso wa "bibi" mrembo, huyo ni mwigizaji wa kiume.

Lakini chukua tahadhari. Zambarau ya chapa za wakati wa Harunobu mara nyingi ilichanganywa kwa buluu ya maua na wekundu wa alizeti-miba, rangi zinazoliwa haraka na mwanga. Leo kitambaa kile kinaweza kuonekana cha kahawia au kijivu. Ndiyo maana tunapunguza taa kwenye chumba cha maonyesho na kuzirudisha chapa gizani baada ya muda mfupi. Sogea karibu, yape macho dakika moja yazoee, kisha tafuta ukingo wa kitambaa pale nywele zinapoanzia.