Metafizikia: ni mashua ile ile?

Ukimtajia mtu neno metafizikia, hasa huku kusini mwa Tanzania, mawazo yake yanakimbilia kwa majini na waganga. Neno lenyewe halina makuu hayo. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alikufa mwaka 322 KK, na waliokuja kupanga maandishi yake, kwa mujibu wa masimulizi yaliyozoeleka, waliyakuta mengine hayana jina, wakayaweka baada ya yale ya fizikia. Kwa Kigiriki yakaitwa hivyo hivyo: "yaliyo baada ya fizikia". Jina la mpangilio wa vitabu likawa jina la elimu.

Elimu yenyewe inauliza: kuwepo ni nini, na nini hukifanya kitu kiwe ni hicho na si kingine?

Shuka ufukweni Mikindani, Mtwara, maji yakiwa yamekupwa. Mashua imeegeshwa ubavu, fundi anasukumia kalafati, yaani pamba ya kuzibia, kwenye nyufa, akimaliza aipake sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haikuachi hadi jioni. Mwaka huu kabadilisha mbao mbili. Mwaka juzi yalikuwa mataruma, zile mbavu za ndani, kabla ya hapo mkuku, ule uti wa chini. Itafika siku hakutabaki ubao hata mmoja wa mwanzo. Muulize mwenyewe, atakujibu bila kusita: hii ni mashua ya marehemu baba.

Wagiriki walibishana hivyo hivyo juu ya jahazi la Theseus, shujaa wa hadithi zao, lililobadilishwa mbao moja moja hadi zote zikawa mpya. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi kwenye kidonda: je, kama mtu aliokota kila ubao uliotupwa akaunda nao jahazi la pili, lipi ndilo lenyewe? Anayeshikilia mbao atachagua la pili. Anayeshikilia umbo na kazi isiyokatika atabaki na la kwanza. Mimi niko na mwenye mashua, ingawa sina jibu zuri siku mbao kuukuu zitakapoelea.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa hapa: dhati, yaani kiini cha kitu, na sifa, yaani hali yake (si ile ya papa). Mashua ikipakwa rangi ya buluu, sifa imebadilika, dhati imebaki. Ikipasuliwa kuni, dhati imekwisha. Ugomvi wote uko katikati ya hayo mawili.

Wala si maswali ya Wagiriki peke yao. Mwaka 1956 padri Mnyarwanda Alexis Kagame aliandika kwamba lugha za Kibantu zimeshavigawa vilivyopo kupitia ngeli: mtu, kitu, mahali, namna. Mmakonde akisema munu na chinu, keshagawa tayari. Wapo waliompinga, wakisema sarufi si falsafa, na hoja yao ina uzito.

Sasa twende Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mkubwa wa dinosaria hao anasimama Berlin tangu 1937, kimo zaidi ya mita 13. Lakini kiunzi kile si cha mnyama mmoja: kimeungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na palipopungua pakajazwa mifupa ya bandia. Kwa hiyo mtu wa Lindi akisema "mjusi wetu arudishwe", anamdai mnyama ambaye hakuwahi kutembea akiwa hivyo alivyo. Na bado sote tunajua anamsema yupi.