Kadi zisizokuwepo: jinsi mashine pepe za kompyuta kuu zinavyopeana mafaili

Mtu aliyezoea mashine pepe za kwenye laptopu, ukimwambia ahamishe faili kutoka kwa mwenyeji (anayeziendesha mashine hizo) kwenda kwa mgeni (mashine pepe yenyewe), atatafuta folda ya pamoja au ataliburuta kwa kipanya. Kwenye kompyuta kuu ya IBM inayoendeshwa na z/VM, mfumo wa kuendesha mashine pepe nyingi, atakutana kwanza na kitoboa kadi na kisoma kadi. Asihangaike kuvitafuta chumbani, maana havipo. Ni vya kuigiza.

Mwenyeji hapa ni programu iitwayo CP. Kazi yake ni kuifanya kompyuta moja ionekane nyingi: kila mtumiaji anapewa mashine yake pepe, yenye prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vyake. Wazo hilo lilizaliwa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti cha IBM kilichokuwa Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 kampuni ikalitangaza kwa wateja kwa jina la VM/370. Enzi hizo kazi ziliingizwa kwenye kompyuta kwa kadi za karatasi ngumu, safu 80 kwa kadi, kila herufi ikiwa ni matundu. Waliobuni mashine pepe waliipa kila kitu ambacho mashine ya kweli ilikuwa nacho, na kadi zikiwemo. Mpaka leo, kwa desturi, kisoma kadi kipo kwenye anwani 00C, kitoboa kadi 00D na printa 00E.

Wengi hukwama hapa: wanamwuliza mwenyeji faili lao liko wapi. CP haimpi mtumiaji folda ya kuweka vitu. Mafaili yanatunzwa na CMS, mfumo mdogo wa mtu mmoja ambao nao unaendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani ni mgeni kama wengine. Kwa hiyo tunachokiita "kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni" mara nyingi ni mgeni kumpa mgeni mwenzake, na mwenyeji ni tarishi tu.

Tarishi huyo anafanya kazi hivi. Mtumaji anakielekeza kitoboa kadi chake kwa mpokeaji, tuseme SPOOL PUNCH TO LINUX01, kisha analitoboa faili kwa amri ya PUNCH. CP inazidaka "kadi" hizo na kuziweka kwenye eneo lake la diski liitwalo spuli. Kutoboa kukiisha, faili linaonekana kwenye kisoma kadi cha mpokeaji, na litamsubiri hapo hata kama mashine yake imezimwa. Kinachonipendeza zaidi ni amri ya TRANSFER: ukimhamishia mwingine faili lililo kwenye kisoma kadi chako, data haisogei hata kidogo. CP inabadilisha tu jina la mwenye nalo.

Safu 80 nazo zimebaki. PUNCH hulikataa faili lenye mistari mirefu kuliko hapo. Kwa sababu hiyo watumiaji wa CMS hupendelea SENDFILE, ambayo hulikata faili vipandevipande katika muundo wa NETDATA, na upande wa pili RECEIVE huviunga tena.

Mgeni akiwa Linux, chombo chake ni vmur: vmur list huonyesha kilichofika, vmur receive hukichukua, vmur punch hutuma. Lakini kuna mtego wa lugha. CMS huandika kwa EBCDIC, Linux kwa ASCII, mifumo miwili tofauti ya kuzipa herufi namba. Herufi A kubwa ni 193 huku na 65 kule. Faili la maandishi lisipotafsiriwa, utasoma takataka. Nalo faili la programu au lililobanwa, ukilitafsiri, umeliharibu. Chaguo la -t ni la maandishi peke yake.

Njia hii ya kizamani ina kazi moja ambayo bado inatumika sana: kusimika Linux. Kerneli (kiini cha Linux), faili la vigezo na diski ya kuanzia hutobolewa kwa mpangilio huo kwenye kisoma kadi, kisha unaandika IPL 00C CLEAR na mashine inawaka kutoka kwenye rundo la kadi zisizokuwepo. Ukisahau neno NOHEADER wakati wa kutoboa, PUNCH hutanguliza kadi inayoanza na :READ, mashine inaidhania ni programu, na haiwaki.

Kwa mafaili makubwa spuli si mahali pake. Tumia FTP, njia ya kuhamisha mafaili, kupitia mtandao wa ndani. Unaweza pia kumwazima mwenzako diski yako kwa LINK, ila iwe ya kusoma tu. Wawili wakiandika kwenye diski moja ya CMS, kila mmoja na orodha yake ya mafaili kichwani, diski itavurugika.

Tena kisoma kadi ni mlango usio na bawabu. Desemba 1987, programu iliyojiita CHRISTMA EXEC ilichora mti wa Krismasi kwenye skrini za watu, huku ikijituma kwa kila aliyekuwa kwenye orodha zao za mawasiliano. Iliziba BITNET, mtandao wa vyuo vikuu, na ule wa ndani wa IBM. Wapokeaji walikuwa wameipokea na kuiendesha wenyewe, ilhali CMS ina amri ya PEEK, inayokuonyesha faili likiwa bado kwenye kisoma kadi.