Orodha ipi ni ndogo?

Fungua kamusi ya Kiswahili. "Kata" inatangulia "kataa": herufi nne za mwanzo ni zilezile, kisha neno moja likaishiwa, basi lililoishiwa linakaa mbele. Lakini "kataa" nayo inatangulia "kati", ingawa ni ndefu zaidi. Kwenye herufi ya nne a imekutana na i, na urefu haukuulizwa tena.

Intapreta ya Python, yaani programu inayosoma na kutekeleza maagizo ya lugha hiyo ya kompyuta, hulinganisha orodha kwa kanuni hiyohiyo. Hutafuta nafasi ya kwanza penye tofauti, na hapo ndipo hukumu inapotoka. [1, 9, 9] < [2] ni kweli, maana 1 ni ndogo kuliko 2. Urefu huamua pale tu tofauti inapokosekana hadi moja iishe.

Kwa usawa kuna njia ya mkato: orodha zikitofautiana urefu, jibu la == ni hapana, bila kugusa chochote ndani. Anayejitengenezea intapreta akiutumia mkato huohuo kwenye < atapata majibu ya ajabu.

Kinacholinganishwa nacho kina uzito. Kama maandishi, "3.10" ni ndogo kuliko "3.9", kwa kuwa 1 iko kabla ya 9. Ndiyo maana Python huhifadhi toleo lake kama mfuatano wa namba: (3, 10) ni kubwa kuliko (3, 9), kama inavyotakiwa. JavaScript, lugha nyingine ya kompyuta, ndiyo inayonichosha: ukiiuliza kama [10] < [9] inageuza zote kuwa maandishi, kisha inajibu ndiyo.

Hila mbili zimejificha. Ya kwanza ni nan, thamani ya desimali isiyo namba, ambayo hata na nafsi yake hailingani. Ukiweka x = float("nan"), basi x == x ni uongo, ila [x] == [x] ni kweli! Ndani ya orodha, Python huangalia kwanza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Kikiwa kilekile, haiulizi zaidi.

Ya pili hukaa kimya miezi mingi. [1, "a"] < [2, 5] inajibu kweli bila kinyongo, kwa sababu "a" na 5 hazikufikiwa. Siku data ikileta [1, "a"] na [1, 5], programu inaanguka kwa TypeError, kosa la kulinganisha aina zisizopatana, na wewe unaapa kwamba mstari ule hujaugusa.