Krimu Kuwasha Si Dawa Kuingia

Jina la ugonjwa lenyewe linatuponza. Tumeuita baridi yabisi, urithi wa tiba ya zamani iliyogawa maradhi kwa baridi na joto, unyevu na ukavu. Mtu akishaambiwa ana baridi kwenye magoti, hahitaji kufundishwa kwamba dawa yake ni moto. Ndiyo maana krimu za joto hazikosi wapakaji, na ndiyo maana swali ni lilelile kila kukicha: "Mbona hii haiwashi? Si feki hii?"

"Isipowasha, haifanyi kazi"

Krimu hizi hazina joto. Tumbukiza kipimajoto kwenye kopo, utasoma joto la chumba lilimokaa, basi. Viambato vyake vinajirudia: kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe wa pilipili, methili salisileti, yenye ile harufu inayojaza nyumba, mentholi, na kafuri. Kapsaisini hushika kipokezi kiitwacho TRPV1 kwenye ncha za neva (mishipa ya fahamu) za ngozi. Kwa kawaida kipokezi hicho hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi, yaani pale joto linapoanza kuumiza. Kapsaisini hubisha mlango huohuo na kufunguliwa bila joto kuwepo, na ubongo unapelekewa habari ya moto usiokuwepo. Ni kazi hii ya pilipili na neva iliyomfikisha mwanasayansi David Julius kwenye Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, aliyoipata pamoja na Ardem Patapoutian. Mentholi inacheza mchezo uleule kwenye kipokezi cha ubaridi. Methili salisileti nayo huikera ngozi, mishipa midogo ya damu ikatanuka, ngozi ikawa nyekundu na vuguvugu kidogo. Vuguvugu hilo ni la kweli, ila ni la ngozi. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, lililolika huko ndani halina habari nalo.

Basi nafuu inatoka wapi? Kwa njia mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya muda mfupi: hisia mpya ya ngozi hugombea njia na maumivu ya kiungo kwenye uti wa mgongo, nayo maumivu hurudi nyuma kwa muda. Ni sawa na kujisugua kiwiko ulichojigonga. Mentholi na salisileti hutegemea zaidi njia hii. Ya pili ni ya kapsaisini peke yake, nayo ndiyo yenye thamani kwa mwenye goti linalouma miezi na miaka. Ncha za neva zikisumbuliwa na kapsaisini siku baada ya siku, huchoka na kunyamaza, zikaacha kupeleka habari za maumivu.

Sasa angalia maana yake. Mwasho ni alama ya neva ambazo bado hazijanyamaza. Siku za kwanza utawashwa, na kufikia wiki ya pili mwasho huwa umepungua sana. Hapo ndipo mgonjwa anaponung'unika kwamba dawa imeisha nguvu, anaitupa na kutafuta kali zaidi. Ameitupa siku ilipoanza kazi.

Kapsaisini ya kiungo huja kwa asilimia 0.025 hadi 0.075. Kwa goti moja, tumia kiasi cha punje ya njegere, isambaze iwe tabaka jembamba pande zote za goti mpaka ngozi isionekane na utelezi. Mara 3 au 4 kwa siku, zikipishana saa 4 au zaidi, kila siku, wiki 2 hadi 4, ndipo utoe hukumu. Anayepaka leo, akaruka siku mbili, akapaka tena usiku maumivu yakizidi, atapata hasara ya pande zote: neva zimeshaamka, mwasho umeanza upya, na nafuu haijafika. Kama huwezi kupaka mara 3 kwa siku, usijisumbue na kapsaisini kabisa. Kuna dawa nyingine, nitaifikia.

Imani hii ya moto mkali ndiyo pia inayounguza watu. Mtu hapati mwasho anaoutaka, anaongeza tabaka la pili, anafunga bandeji juu, anazungushia nailoni, halafu anaweka mfuko wa maji ya moto. Kufunga kunazuia dawa kukauka na kuilazimisha ngozi kuifyonza kwa wingi, na joto la nje linatanua mishipa na kuiongeza kasi. Mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu watu walioungua kwa krimu hizi, wengine saa 24 tu baada ya kupaka mara moja. Matukio hayo ni adimu, lakini yalikuwemo majeraha ya daraja la pili na la tatu, mengi yakitokana na bidhaa zenye mentholi zaidi ya asilimia 3 na methili salisileti zaidi ya asilimia 10. Soma asilimia kwenye boksi kabla ya kusoma ahadi zake.

Usioge maji ya moto muda mfupi kabla ya kupaka wala baada yake. Ngozi yenye joto na damu nyingi hugeuza krimu ya kawaida kuwa adhabu. Usipake palipokwaruzika wala mara tu baada ya kunyoa. Ukizidiwa na kapsaisini, usikimbilie maji peke yake, kwa sababu haiyeyuki ndani ya maji, utaitandaza tu. Futa kwanza kwa mafuta ya kula na kitambaa, kisha sabuni na maji ya baridi. Yakitokea malengelenge, dawa hiyo imekwisha kwako, na ngozi ionwe na mhudumu wa afya.

Na glavu! Glavu moja ya kutupa ingeokoa macho mengi. Krimu hubaki chini ya kucha, na saa mbili baadaye kidole kinaingia jichoni. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Chuo cha Marekani cha Rumatolojia, chama cha madaktari wa viungo, unaikubali kapsaisini kwa goti, kwa masharti, lakini kwa viungo vya vidole unashauri isitumike, na hofu ya jicho ni mojawapo ya sababu. Aliyeamua kupaka vidoleni hata hivyo, asubiri nusu saa dawa ikae, ndipo anawe kwa sabuni.

"Inapenya hadi mfupani na kurudisha gegedu"

Hakuna krimu inayootesha gegedu. Gegedu halina hata mishipa yake ya damu. Hula kupitia ute wa kiungo. Iliyoandikwa kwamba inarudisha "mafuta ya magoti" inauza maneno.

Kupenya kwenyewe kuna mipaka. Jeli ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, hufika kwa kiasi kwenye viungo vilivyo karibu na ngozi, kama goti na vidole. Nyonga imelala chini ya misuli minene, hivyo kuipaka nyonga ni kuipaka ngozi ya nyonga. Kichekesho ni kwamba jeli hii, ambayo mwongozo uleule wa 2019 unaipendekeza kwa nguvu kwa goti lenye gegedu lililolika, ndiyo wagonjwa wanayoidharau, kwa kuwa haiwashi. Wanapaka tone. Kipimo cha jeli ya asilimia 1 ni gramu 4 kwa goti, mara 4 kwa siku, na gramu 2 kwa mkono au kiwiko, mara 4. Jumla ya mwili mzima isizidi gramu 32 kwa siku. Gramu 4 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tumia kadi ya kupimia iliyomo ndani ya boksi. Usioshe kwa saa 1. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya kile cha vidonge, ndiyo maana tumbo na figo husalimika zaidi. Lakini kumeza vidonge vya diklofenaki na kupaka jeli yake kwa wakati mmoja ni kujiongezea dozi, na kuchanganya jeli na krimu ya joto mahali pamoja ni kutafuta upele.

"Kiungo kimevimba na kinachemka, niongeze ya moto"

Hapana. Kiungo kinachochemka kwa ndani kimeshawaka. Jongo (gauti) likishika kidole gumba cha mguu, hata shuka likigusa utapiga kelele. Kuchua hapo ni mateso bila faida. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina joto, hakikunjiki, na mwili una homa, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Huenda kuna usaha, nao huweza kuliharibu gegedu kwa siku chache. Baridi yabisi halisi, ambayo kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo, asubuhi hukuamsha na mikono iliyokakamaa kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi pande zote mbili. Hiyo inahitaji dawa za kuituliza kinga, kama methotreksati, inayomezwa mara 1 kwa wiki, si kila siku. Kuichua kwa miezi ni kuupa ugonjwa muda wa kula viungo.

"Ni ya kupaka tu, tena ya mitishamba"

Methili salisileti hupatikana kwenye majani kweli, na ni ndugu wa aspirini. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha mafuta yake yasiyochanganywa kina salisileti ya kadiri ya gramu 7, kipimo kinachoweza kumuua mtoto mdogo akikinywa. Kafuri humezwa kidogo tu na mtoto akapata degedege. Kifuniko kibane, chupa iwekwe juu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipake salisileti eneo kubwa bila kumwambia daktari, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Vivyo hivyo mwenye mzio wa aspirini. Mjamzito aulize kwanza.

"Chua kwa nguvu mpaka itoke yote"

Itoke nini? Kusugua kwa nguvu hakuna kinachokitoa kiungoni. Nguvu hizo zipelekwe kwenye msuli wa mbele wa paja, ambao ukidhoofika goti hubeba mzigo peke yake. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka goti lifunguke lote, shikilia kwa sekunde 5, shusha taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu, ila yakibaki juu hadi kesho yake, punguza idadi. Kwa anayetumia kapsaisini, zoezi litangulie, jasho likauke, ngozi ipoe, ndipo krimu ifuate. Jasho juu ya kapsaisini linawasha upya.