Moto peke yake hauleti mwanga

Mtu akisikia tunachoma msitu wa mialoni kwa makusudi, huku milima ya Appalachia mashariki mwa Marekani, hudhani mambo ni mepesi: moto unatoboa kivuli, jua linashuka, miche inaota. Laiti!

Moto wetu wa kawaida ni mdogo, mara nyingi hauvuki goti. Unakula majani makavu na kuua vijiti vya chini. Miti mikubwa, ambayo ndiyo yenye kivuli chenyewe, inabaki imesimama. Msimu wa pili au wa tatu, hata ule mwanga kidogo uliopatikana umeshazibwa na machipukizi ya mepo nyekundu (Acer rubrum), mti usioogopa kivuli, uliojazana humu tangu mamlaka zilipoanza kuzima kila moto mwanzoni mwa karne ya 20. Mche wa mwaloni unataka walau asilimia 20 ya jua kamili. Chini ya kivuli kizito haupati hata 5.

Lakini hebu chimba mche mmoja. Juu kuna kijiti chembamba kama penseli. Chini kuna mzizi mnene kama karoti, na mara nyingi una umri mkubwa kuliko shina lake. Macho yake ya kuchipua yamejificha udongoni, kwani kindi ndio walioifukia mbegu. Shina likiungua, mzizi unatoa jingine. Mepo macho yake yako juujuu, yanaungua.

Kwa hiyo panga liende kwanza. Unapunguza karibu nusu ya miti mikubwa, unasubiri miaka 3 hadi 5 mizizi inenepe, ndipo unachoma. Watafiti Brose na Van Lear walilionyesha hili Virginia mwaka 1998, na moto wa majira ya kuchipua ndio uliofanya kazi vizuri zaidi: mepo huwa imeshakunjua majani na kumaliza akiba ya mizizini, mwaloni bado umelala. Mimi niliyekulia kwenye miombo ya Tabora, ambako tunachoma mapema ili moto usiwe mkali, ilinichukua muda kuzoea kuusubiri moto mkali.

Vuli moja tuliharakisha kuchoma, mbegu za mwaloni zikiwa zimetoka tu kudondoka. Kesho yake nilipita nikizibonyeza kwa buti: zilipasuka kama karanga zilizoungua kikaangoni.