Je, Wajua Kwa Nini Magari Mawili ya Aina Moja Hupishana Uzito?

Jumamosi moja nilikuwa gereji Sinza nasubiri gari langu libadilishwe bushi, akaja kijana na kadi mbili za magari mkononi. Moja ilikuwa ya Subaru Impreza WRX yake, nyingine ya WRX STI, toleo kali zaidi la gari hilohilo, ya rafiki yake. Mwaka mmoja, bodi moja, injini zote mbili za lita 2 zenye tabo, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi. Akaweka kidole kwenye mstari wa uzito. "Kaka, STI ndiyo kali, si ilitakiwa iwe nyepesi? Mbona ndiyo nzito? Au karani alikosea kuandika?"

Karani hakukosea. Kiwanda kinapounda gari lenye mbio, kuna mikono miwili inayovutana, mmoja unaongeza kilo na mwingine unazipunguza, na kila gredi, yaani kila toleo la gari lilelile, ni mahali mikono hiyo ilipokubaliana kuishia.

Mkono unaoongeza ndio uliokuwa mbele yetu palepale gereji. Nguvu ya injini lazima ipite kwenye kitu, na kitu hicho lazima kiwe imara. WRX ya kijana ina giaboksi ya gia 5. STI ilipewa ya gia 6 kuanzia 2001, yenye meno mapana na shafti nene, kwa sababu ile ya gia 5 ilikuwa na sifa mbaya ya kukatika meno mikononi mwa wanaoikamua. Uimara huo ni chuma, na chuma kina uzito. Breki nazo ni hivyohivyo. Fundi alikuwa na diski mbili za mbele sakafuni, ya WRX na ya STI, nikamwambia kijana azinyanyue. Ya kwanza aliibeba kwa mkono mmoja. Ya pili akaongeza mkono wa pili kabla haijafika magotini. Diski ile ya STI ina upana wa milimita 326, na inakaa ndani ya kalipa, kile kibanio cha breki, ya kampuni ya Brembo yenye pistoni nne. Zidisha mzigo kama huo kwa matairi manne, kisha ongeza difu zinazogawa nguvu kwa akili zaidi. Hapo tayari umeshapata jibu la kadi zile mbili.

Mkono unaopunguza una hadithi tamu zaidi, na kwa sehemu kubwa umetokana na mbio za magari. Mwaka 1992 Mitsubishi walitoa Lancer Evolution ya kwanza kwa sababu sheria za rali za dunia zilimtaka mtengenezaji auze kwanza maelfu ya magari ya aina hiyo kwa watu wa kawaida, ndipo aruhusiwe kushindana nalo. Wakalitoa kwa gredi mbili. GSR ilikuwa ya mtu wa barabarani, kilo 1,240. RS ilikuwa ya timu za mbio, nyepesi kwa kilo 70 hivi: haina madirisha ya umeme, haina ABS ya kuzuia matairi yasigande ukifunga breki, haina waipa ya nyuma, na rimu zake ni za chuma tupu. Kwa nini wampe mnunuzi rimu mbaya? Kwa sababu walijua atazitupa siku hiyohiyo na kufunga za kwake. Anayeandaa gari la rali, awe Ulaya au awe anajiandaa kwa vumbi la Iringa, anang'oa viti, mazulia na redio kabla ya kuchomelea mabomba ya usalama ndani. RS ilimwondolea kazi ya kulipia vitu vya kwenda kutupa.

Injini ilikuwa ileile, yenye nguvu ya farasi 250. Piga hesabu: kwenye GSR kila farasi anabeba karibu kilo 5, kwenye RS anabeba kilo 4.7. Mguu uleule kwenye mafuta, lakini mzigo umepungua, na faida hiyo unaipata mara tatu: ukiondoka, ukikata kona na ukifunga breki.

Wajerumani walishaifanya hesabu hiyo zamani. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 iliuzwa ikiwa na farasi 210 kwa sura mbili: nyepesi ya kilo 960, na ya starehe, iliyoitwa Touring, ya kilo 1,075. Tofauti ni kilo 115, sawa na watu wazima wawili wembamba. Kwenye ile nyepesi hakukuwa na viti vya nyuma wala saa, na mlango uliufungua kwa kuvuta kamba. Miaka 30 baadaye BMW wakatoa M3 CSL, nyepesi kwa kilo 110 kuliko M3 ya kawaida. Paa lake ni la nyuzi za kaboni, na sakafu ya buti ni ya karatasi ngumu iliyoundwa kama sega la nyuki. Kiyoyozi na redio viliondolewa, ila mteja akivitaka alirudishiwa bila malipo. Nalo likauzwa ghali kuliko la kawaida. Sioni kosa hapo, maana kaboni ni ghali na magari yalikuwa machache.

Nyingi ya kilo hizi zimejificha. Inua zulia la gari lolote la kifahari utakuta mabamba meusi kama lami yamebandikwa kwenye bati. Kazi yake ni kunyonya kelele na mtikisiko. Viti vya ngozi vyenye mota za umeme hubebwa na watu wawili kuvitoa, wakati kiti cha mbio unakitoa mwenyewe. Sanrufu ina kioo, fremu na mota, na ubaya wake mkubwa ni kwamba vyote vimekaa juu kabisa, mahali ambapo kilo moja inalilaza gari kwenye kona kuliko kilo moja iliyo sakafuni. Ndiyo maana BMW walihangaika na paa, ingawa waliokoa kilo chache tu hapo.

Kwa Dar es Salaam msimamo wangu ni huu: gari la kutembelea kila siku liachie kiyoyozi chake. Foleni ya Mandela mwezi wa pili saa nane mchana, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi wala mabamba ya kunyonya kelele, dereva anachoka, na dereva aliyechoka ni hatari. Nawaomba pia vijana wanaong'oa vitu wenyewe: mkanda na eabegi visiguswe. Ukitaka wepesi wa maana, anza na rimu. Rimu nyepesi inapunguza mzigo unaozunguka, na shokapu zitakushukuru kwenye mashimo.

Yule kijana nilimwonya jambo moja kabla hajaondoka, maana alikuwa ameshafungua simu kutafuta uzito wa STI ya Uingereza alinganishe na kadi. Takwimu za Ulaya mara nyingi huhesabu kilo 75 za dereva na begi lake. Za Japani, ambako magari mengi ya yadi zetu yanatoka, hazimhesabu dereva, na huandikwa kwa makumi tu. Akatoa 75 kwenye uzito aliouona simuni, akatazama tena kadi ya rafiki yake, kisha akainama kuchungulia giaboksi chini ya gari.