Reiki kwa mgonjwa wa saratani: inachosaidia na isichoweza

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani, na nimejifunza Reiki, tiba ya kumwekea mtu viganja mwilini kwa wepesi. Swali ninaloulizwa sana na ndugu wa wagonjwa ni kama inapunguza uvimbe. Haipunguzi. Huwa nalisema hilo mapema, mgonjwa hajavua hata viatu, maana tumaini la uongo humuumiza mtu mara mbili.

Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui katika miaka ya 1920. Walimu wake husema mikono hupitisha nguvu ya uhai. Hakuna kipimo kilichothibitisha nguvu hiyo, nami simwambii mgonjwa kwamba ipo. Ninayoyaona ni haya: mtu yuko kwenye kiti, dripu ya kemotherapi (dawa ya saratani) inashuka, mabega yamekaza, ngumi zimefumbwa. Naweka viganja mabegani pake, kwa wepesi, bila kukanda wala kusugua, nguo zake zikiwa mwilini. Baada ya dakika chache nahamia kichwani, kisha kwenye mikono. Pumzi inaanza kushuka, vidole vinalegea. Wengine husinzia kabisa. Kwa mtu ambaye kila anayemgusa ana sindano, hilo si dogo.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliohusisha watu 189 waliokuwa wakipata kemotherapi. Baadhi walipewa Reiki, wengine Reiki ya kuigiza, na waliobaki huduma ya kawaida. Waliopewa Reiki walijisikia vizuri zaidi. Wa kuigiza nao vilevile! Watafiti waliona kwamba kilicholeta nafuu ni kuwa na muuguzi aliyetulia na mgonjwa mmoja. Naupenda utafiti huo, ingawa baadhi ya wenzangu wa Reiki hawaufurahii. Unanionyesha kazi yangu hasa ni ipi: kukaa na mtu bila haraka.

Kuna mahali mkono haugusi: penye kidonda cha upasuaji, ngozi iliyoungua kwa mionzi, penye katheta (mrija ulioingizwa mwilini), au penye uvimbe unaouma. Hapo unaweza kuushikilia hewani, au uache kabisa. Mwenye mafua asimkaribie mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Na usijipake manukato. Kichefuchefu cha kemotherapi huamshwa na harufu ndogo tu.

Linalonitisha ni mgonjwa kuacha hospitali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliochagua tiba mbadala peke yake, kwa saratani iliyokuwa bado haijasambaa, walikuwa na hatari ya kufa takriban mara 2.5 ya waliotibiwa hospitali. Mtaalamu wa Reiki akikwambia upunguze dawa, uahirishe mionzi au usimwambie daktari wako, ondoka hapo hapo. Na ukipata homa ya nyuzi 38 ukiwa kwenye kemotherapi, usisubiri kuwekewa mikono. Piga simu hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.